Kilo 12.5 zimekuwa 578.6: kosa ni la kompaila?

"Habari za kazi, mwalimu. Niko Ngara hapa Nairobi, natengeneza kompyuta na mizani za kielektroniki. Nimeachiwa programu ya C inayosoma mizani ya maziwa kwenye kituo cha ushirika upande wa Kiambu. Aliyeiandika alishahama nchi. Miaka yote ilikuwa inakompailiwa (inageuzwa kuwa lugha ya mashine) kwa kompaila ya GCC 4.4 kwenye kompyuta kuukuu ya biti 32. Kompyuta hiyo inakaribia kufa, kwa hiyo nimenunua Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, nikaweka Linux ya biti 64 na kompaila ya Clang 19, maana niliambiwa Clang inaeleza makosa vizuri. Mara ya kwanza ilitoa makosa zaidi ya 60. Fanksheni tatu zilizoandikwa ndani ya fanksheni nyingine nikazitoa nje, vigeu vyake nikavifanya vya programu nzima. Yaliyobaki nikayanyamazisha kwa swichi za -Wno-implicit-function-declaration na -w, ambayo huzima maonyo yote. Sasa inakompaili bila neno. Lakini ikisoma faili la mipangilio inaganda. Nikiliruka faili hilo, mkulima wa kilo 12.5 anaandikiwa 578.6. Rekodi za zamani zinafunguka zikiwa takataka. Ikifika kwenye kutoa risiti inakufa ghafla. Je, Clang ina hitilafu? Nirudi GCC, au niandike yote upya kwa Python?"

Ndugu yangu, kabla ya kugusa kompaila hebu tushike kalamu. Mizani ya namna hiyo kwa kawaida haitumi "12.5", inatuma hesabu kamili, tuseme idadi ya gramu kumi kumi. Kilo 12.5 basi ni 1250. Nambari hiyo haitoshei katika baiti moja, ambayo mwisho wake ni 255, kwa hiyo inagawanywa mbili: baiti ya juu ni 4 na ya chini ni 226, kwa maana 4 mara 256 ni 1024, ongeza 226 unapata 1250. Sasa zibadilishe viti. 226 mara 256, ongeza 4, ni 57860. Weka nukta mahali pake: 578.60.

Basi mizani yako ni nzima, na hesabu ya programu ni nzima. Baiti mbili zimekalia kila moja kiti cha mwenzake. Nadhani naujua mstari wenyewe hata bila kuuona. Utafute unaofanana na huu:

uzito = unganisha(soma_baiti(), soma_baiti());

Mizani inatuma baiti ya chini kwanza, ya juu inafuata. Fanksheni ya kuunganisha inataka ya juu kushoto na ya chini kulia. Aliyeandika akajaribu, akaona 12.50 kwenye skrini, akafunga kompyuta akaenda zake. Ilimkubalia kwa sababu GCC kwenye prosesa za x86 (za namna ya Intel) ilianza kuita ile ya kulia, ndipo ikarudi kushoto. Clang inaanza kushoto. Ndiyo tofauti yote, na wakulima wamegeuzwa matajiri wa maziwa.

Kwa nini zitofautiane? Desturi ya zamani ya x86 ya biti 32 ni kurundika hoja za fanksheni (thamani inazopewa) kwenye steki, rundo la muda katika memori, kuanzia ya mwisho, ili ya kwanza ibaki juu, mahali panapojulikana. Ndivyo printf, fanksheni ya kuchapisha, inavyoipata hoja yake ya kwanza hata kabla haijajua nyuma yake zimefuata ngapi. Kompaila inayorundika kutoka kulia huona ni rahisi kukokotoa kutoka kulia pia. Clang inakokotoa kwa mpangilio unaousoma wewe, kisha inajua yenyewe itaziweka wapi. Zote mbili ziko sawa, kwa sababu kanuni ya C haikuamuru hoja ipi ikokotolewe kwanza. Waandishi wa Java waliamua kwamba ni kushoto kwenda kulia, wakamaliza ubishi. C iliwaachia watengenezaji wa kompaila uhuru huo, nasi tunaulipia hadi leo.

Tiba ni mistari mitatu:

int chini = soma_baiti();
int juu = soma_baiti();
uzito = unganisha(juu, chini);

Kila nukta-mkato ni ukuta: kilicho kabla yake kinamalizika kabla kilicho baada yake hakijaanza. Na zingatia hili, kwa sababu linawapata hata wazoefu: hapa hakuna onyo litakalokusaidia. Ungewasha maonyo yote ya Clang, mstari ule ungepita kama mgeni mwenye tiketi. Itabidi uupekue msimbo kwa macho, utafute kila mahali ambapo fanksheni mbili zinazosoma kitu au kubadilisha kitu zimeitwa katika hoja za wito mmoja, au katika jumla moja kama `soma() * 256 + soma()`. Ni kazi ya asubuhi moja na chai.

Sasa swali lako lenyewe. Unauliza kama Clang ina hitilafu, lakini mwenzangu, umebadilisha kompaila, umetoka biti 32 kwenda 64, na umetoka prosesa ya Intel kwenda ya ARM. Hiyo ni kuhama nyumba, kubadilisha kazi na kuoa, yote Jumamosi moja. Jumapili kichwa kikiuma unashindwa kujua kimetokana na lipi. Kati ya magonjwa manne uliyoyataja, ni moja tu linaloweza kuwa limeletwa na Clang, nalo ndilo hilo la baiti. Mengine matatu yangekupata hata ungebaki na GCC kwenye kidude hicho hicho.

Chukua kule kuganda. Nina hakika kubwa kwamba mahali fulani pana kitu hiki:

char c;
while ((c = fgetc(faili)) != EOF)

fgetc hairudishi herufi (char, ya baiti moja), inarudisha int, nambari kamili iliyo pana zaidi. Inafanya hivyo kusudi, ili ipate nafasi ya kusema "faili limeisha" kwa nambari ambayo haiwezi kuwa baiti, na kwenye Linux nambari hiyo ni -1. Ukiibana -1 ndani ya char, matokeo yanategemea kama char ya mashine yako inajua hasi. Kwenye Linux ya Intel inajua: -1 inabaki -1, kitanzi kinasimama. Kwenye Linux ya ARM, char haina hasi: -1 inageuka 255, na 255 hailingani na -1 hata ukingoja hadi Krismasi. Asili yake ni ya zamani: prosesa za kwanza za ARM zilikuwa na amri ya kupakia baiti isiyo na hasi, hazikuwa na amri ya moja kwa moja ya kupakia yenye hasi, kwa hiyo ikachaguliwa njia ya bei nafuu. Kanuni ya C inaruhusu yote mawili. Badilisha `char c` iwe `int c`, basi. Na usidhani msimbo ulikuwa salama kule kwenye Intel: baiti halali yenye thamani 255 ingekatisha usomaji wa faili katikati, kimya kimya. Ipo swichi ya -fsigned-char, inakubaliwa na GCC na Clang, inayolazimisha char iwe na hasi. Itumie kama gongo wakati unatafuta mahali pengine penye ugonjwa huo, ila usilifanye gongo kuwa mguu.

Kufa ghafla kwenye risiti kunanihuzunisha zaidi, kwa sababu Clang ilikuambia, nawe ukaifunga mdomo. Zamani, chini ya kiwango cha mwaka 1989, uliruhusiwa kuita fanksheni ambayo kompaila haijaambiwa habari zake. Kompaila ilikisia tu kwamba inarudisha int. Kiwango cha 1999 kiliondoa ruhusa hiyo, lakini kompaila ziliendelea kuvumilia kwa maonyo matupu kwa zaidi ya miaka 20, hadi Clang 16 mwaka 2023 na GCC 14 mwaka 2024 zilipoligeuza kuwa kosa. Ndiyo maana nasema kurudi GCC si kimbilio: GCC ya leo ingekukaripia kwa ukali ule ule.

Tazama kinachotokea kwako. Faili moja lina fanksheni inayorudisha pointa (anwani katika memori) ya jina la mwanachama. Faili la risiti linaiita bila tamko lolote:

char *jina = (char *) jina_la_mwanachama(namba);

Hilo `(char *)` ulione vizuri. Mtu aliliweka ili kunyamazisha onyo, nalo linanyamazisha hadi leo. Kwenye mashine ya biti 32, int ni baiti 4 na pointa ni baiti 4, kwa hiyo kukisia "ni int" hakukudhuru kitu. Anwani ilipita nzima. Kwenye biti 64, int imebaki baiti 4 lakini pointa imekuwa baiti 8. Kompaila inachukua nusu ya anwani, inaitupa nusu nyingine, kisha risiti inaenda kusoma jina kwenye nyumba ambayo haipo. Ni kama kumpa mtu wa bodaboda jina la barabara ukasahau kumwambia mtaa. Keneli, kiini cha Linux, inaona programu inabisha kwenye mlango usio wake, inaiua.

Tiba: kila fanksheni inayoitwa na faili zaidi ya moja itangazwe ndani ya faili la .h, la matamko, na faili hilo liingizwe pande zote mbili, kwa anayeiita na kwa anayeifafanua, ili kompaila ikamate tamko na ufafanuzi vikitofautiana. Baada ya hapo futa yale mabano ya kulazimisha aina. Kwa fanksheni za maktaba, ongeza faili lake: stdlib.h, string.h, unistd.h. Angalizo dogo la njiani: ukikompaili kwa -std=c99, vitu kama strdup na usleep vinafichwa kwa sababu si vya kiwango chenyewe, na utaona makosa ya fanksheni zisizojulikana hata kama faili umeliingiza. Tumia -std=gnu99, inatosha.

Kuhusu zile fanksheni za ndani ya fanksheni, ulifanya vyema kuzitoa. Huo ni ubunifu wa GCC yenyewe, Clang haijawahi kuukubali katika C. Kuvifanya vigeu vyake kuwa vya programu nzima kunakwenda, mradi fanksheni haijiiti yenyewe na hakuna nyuzi mbili (kazi zinazoenda sambamba) zinazoipita kwa wakati mmoja. Usafi zaidi ni kuviweka katika struct moja, yaani fungu la vigeu, na kupitisha pointa yake. Lakini hilo lingoje.

Lisilongoja ni rekodi. Hapa ndipo pana pesa za watu, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Tuseme struct yako ni hii:

struct rekodi {
    char daraja;
    long mwanachama;
    double kilo;
    long wakati;
};

Na imeandikwa kwenye diski nzima nzima kwa fwrite. Kwenye Linux ya Intel ya biti 32, daraja ni baiti 1, zinafuata baiti 3 za kujaza nafasi, mwanachama 4, kilo 8, wakati 4. Jumla 20. Kwenye Linux ya biti 64, long ni baiti 8 na inataka kuanza kwenye anwani inayogawanyika kwa 8: daraja 1, kujaza 7, mwanachama 8, kilo 8, wakati 8. Jumla 32. Programu yako mpya inameza baiti 32 pale ambapo rekodi ni 20. Herufi ya daraja ya rekodi ya kwanza itatoka sahihi kwa sababu iko mwanzoni kabisa. Namba ya mwanachama inasomwa kutoka kwenye baiti za kilo, na kuanzia hapo ni makelele. Unaweza kuhakikisha sasa hivi: angalia ukubwa wa faili kwa `ls -l`. Faili la rekodi 4,210 lingekuwa na baiti 84,200, zinazogawanyika kwa 20 bila baki, na kwa 32 hazigawanyiki.

Utasema: basi nibadilishe long iwe int32_t kutoka stdint.h. Ni hatua sahihi, lakini jaribu kuchapisha sizeof uone. Inatoka 24! Sababu ni double, nambari yenye nukta. Kwenye Intel ya biti 32 double iliyo ndani ya struct iliridhika kuanza kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Kwenye biti 64 inataka 8, kwa hiyo struct nzima inafungwa kwa baiti 4 za ziada mkiani ili rekodi ya pili nayo ianze pazuri. Hapa wengi hukata tamaa au huanza kubahatisha.

Zipo njia mbili. Ya haraka ni kuizungushia struct hiyo `#pragma pack(push, 4)` na `#pragma pack(pop)`, inayoeleweka na GCC, Clang na hata kompaila ya Microsoft. Utapata 20. Njia ninayoipenda mimi ni kuacha kabisa kuandika struct kwenye diski: soma baiti 20 kwenye safu ya unsigned char, kisha kwa memcpy toa namba kutoka nafasi ya 4, kilo kutoka ya 8, wakati kutoka ya 16. Ni mistari michache zaidi, lakini umbo la faili linakuwa limeandikwa na wewe, halitegemei tabia ya kompaila yoyote. Bahati yako ni kwamba Intel na Raspberry Pi zote zinaweka baiti ndogo mbele, kwa hiyo hapo hukubadilishiwa viti tena. Ukichagua pragma, weka chini yake:

_Static_assert(sizeof(struct rekodi) == 20, "rekodi si baiti 20");

Mstari huo ni askari wa mlangoni. Siku mtu akibadilisha kitu, programu itakataa kukompaili badala ya kuharibu daftari. Na kwa kuwa wakati umehifadhiwa kwa biti 32 zenye hasi, hesabu yake inajaa tarehe 19 Januari 2038. Ukija kubadilisha umbo la faili, upe biti 64. Usibadilishe leo. Leo una moto wa kutosha.

Sasa -w. Sikusimangi, kwa maana nami nimeshawahi. Nikiwa bado kijana nilimhamishia mwenye duka la vipuri programu yake ya stoo. Nilikuwa nimejifunza C kwa Turbo C ya enzi za DOS, ambako int ni biti 16 na conio.h tuliidhania ni sehemu ya lugha. Maonyo yalijaa skrini mbili, nami nilikuwa nimeahidi kumaliza Ijumaa. Nikaweka -w, nikalipwa. Miezi baadaye hesabu ya vipuri ilipishana na rafu, na mzee yule, muungwana, hakunigombeza. Alinipa tu daftari la mkono na kalamu akaniambia nianze kuhesabu nati. Onyo ambalo lingenionyesha kosa lilikuwa la kumi na kitu katika orodha niliyoizima. Nilihesabu nati siku mbili.

Kwa hiyo toa hizo swichi mbili zote. Badala yake kompaili kwa -Wall -Wextra -g, na makosa yakija 60 usiyaogope idadi: tamko moja likiongezwa kwenye faili la .h linaweza kufuta makosa kumi. Shughulika na aina moja kwa wakati, matamko kwanza, kisha pointa na int zinazochanganyika, kisha yaliyobaki. Ukimaliza ongeza -fsanitize=address,undefined na uendeshe programu kwenye meza yako; itakuwa nzito, lakini itapiga kelele mahali halisi inapogusa memori isiyo yake au inapojaza int kupita kiasi. Kama linka, inayounganisha faili zilizokompailiwa, italalamika kwamba kigeu kimoja kimefafanuliwa mara nyingi, ni kwa sababu kimeandikwa ndani ya .h bila extern. GCC za kabla ya toleo la 10 zilikuwa zinaviunganisha kimya. Weka extern kwenye .h na ufafanuzi mmoja katika .c moja.

Kuna namna ya kutenganisha yale mahamisho matatu, nami ningeifanya hata kabla ya kurekebisha mstari wowote, angalau kwa kujifunza. Tafuta kompyuta ya kawaida ya Intel yenye Linux mpya, weka gcc-multilib na clang. Kompaili kwanza kwa gcc -m32, swichi ya biti 32: hapo kilichobadilika ni umri wa GCC tu. Kisha clang -m32: kompaila imebadilika, biti zimebaki 32, na hapo natarajia 578.6 ijitokeze peke yake. Kisha clang bila -m32: rekodi zitachanganyika na risiti itakufa. Ndipo uende kwenye Raspberry Pi, na kitanzi kitaganda. Kila hatua itakuonyesha mtoto wake, nawe hutakuwa unamchapa Clang kwa makosa ya jirani.

Kuhusu kurudi GCC: unaweza, nayo ipo kwenye Raspberry Pi. Lakini hata kama 12.5 ingeonekana tena, ungekuwa umeficha tu ule mstari mbovu ukisubiri toleo lijalo. Ushauri wangu ni kukompaili kwa zote mbili kila mara. Hazilalamikii vitu vile vile, na msimbo unaozipendeza zote mbili ni vigumu kuwa mchafu sana.

Na Python? Nitasema kweli, kwa kituo kimoja cha maziwa si wazo baya. Kusoma waya wa mizani na kuchapa risiti hakuhitaji kasi ya C. Hata zile rekodi za baiti 20 zinasomeka kwa mstari mmoja wa moduli ya struct, umbo lake likiwa '<cxxxidi'. Ninachokiogopa ni kile usichokijua ndani ya programu ya zamani: labda inakata uzito wa kopo, labda inakataa usomaji wa mizani kabla haijatulia, labda inazungusha senti kwa namna ambayo mhasibu ameizoea. Vitu hivyo havijaandikwa popote isipokuwa katika msimbo huo. Ponya C kwanza, ijue, ndipo uamue. Ukianza kuandika upya leo, ikitokea tofauti hutajua ni ipi iliyo sahihi.

Yapo mambo ambayo kwa maandishi siwezi kukusaidia, tafuta mtu akae nawe. La kwanza ni waya. Kama mizani inatumia RS-232, bandari ya mawasiliano ya zamani, usithubutu kuiunganisha moja kwa moja kwenye pini za Raspberry Pi: pini hizo zinavumilia volti 3.3, na RS-232 inaweza kutoa hadi volti 15, chanya na hasi. Nunua adapta ya USB, mtaa wa Luthuli zimejaa, au kibadilishi cha MAX3232, na kama hujawahi kukiunga mwombe fundi wa elektroniki asimame kando yako. La pili, kama kuna siku yoyote wakulima waliandikiwa uzito kwa programu hii mpya, mwambie mhasibu wa ushirika leo, pamoja na tarehe. Usijaribu kusahihisha daftari peke yako usiku. Na kwa kuwa ni mizani ya biashara, hukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo wa serikali, kwa hiyo waulize wao kama kubadilisha kifaa kinachosoma kunahitaji ukaguzi mpya kabla ya kuanza kulipa watu.

Ile kompyuta kuukuu usiizime bado. Nenda nayo kituoni asubuhi moja, weka kasi ya bandari kwa stty kama programu inavyoiweka, kisha hifadhi kila kinachotoka kwenye mizani kwa `cat /dev/ttyS0 > asubuhi.bin`, huku karani akiandika kilo kwa mkono, kopo baada ya kopo. Faili hilo litakuwa dogo kuliko picha moja ya simu. Ukirudi Ngara, lilishe kwa programu ya zamani na kwa mpya, linganisha majibu kwa diff, halafu yalinganishe yote mawili na karatasi ya karani. Safari ya kwanza usishangae ukikuta mahali ambapo karatasi inakubaliana na ile mpya.